Samaki wa Krimu na Kichwa cha Mbasa

Uskoti

Mpendwa Mama Upendo,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Upendo hajambo? Kikohozi chake kimekwisha? Na wewe mgongo unaendeleaje, au bado unabeba ndoo mbili mbili kama unashindana na mtu? Mimi mzima, isipokuwa midomo imepasuka kwa upepo, na hapa wananiambia eti sasa ndiyo kiangazi.

Ule ujumbe wako wa sauti kuhusu mama yako nimeurudia tena na tena, hasa pale uliposema, "Sahani inarudi kama ilivyokwenda." Hospitali wamesema haumwi, na bado anakonda tangu tumzike baba mkwe. Mke wangu, nimeumia. Mambo haya ni marefu kwa simu, ndiyo maana naandika, na barua ataileta Sista mmoja wa kwetu Mbinga anayerudi likizo. Uisome peke yako kwanza. Humu ndani kuna mambo ya mkwe, sitaki mama ayasikie kabla hujayapima.

Unamkumbuka yule mzee ninayemtunza, Bibi Elsi? Ni mjane kama mama, na yeye pia alikuwa hataki kula. Binti yake, Ana, ambaye huja kila Jumamosi, aliniambia waziwazi kwamba mama yake asipopata nguvu atampeleka kwenye nyumba ya wazee. Bibi alisikia, akageukia dirishani. Watoto wake wote amewalea ndani ya nyumba ile, na hataki kutoka.

Ana akasema chakula alichokuwa akikipenda mama yake ni samaki wa kukaanga na mchuzi wa krimu. "Ni rahisi tu," akasema, akanionyesha mara moja, akaondoka zake. Samaki mwenyewe anaitwa salmoni. Umbo lake halipishani sana na mbasa wenu wa ziwani, ila nyama yake ina rangi ya papai. Sasa cheka. Mimi Mmatengo wa Mkumbi, niliyekulia maharage, ambaye wewe ulinifundisha kutoa miba mbele ya shemeji zangu wote huku wakijishika mbavu, nikaachiwa kikaango peke yangu. Ulinifundisha kwamba samaki akiiva anakuwa mweupe. Basi nikamsubiri awe mweupe. Nikageuza, nikasubiri, nikageuza tena. Kumbe huyu anapauka kidogo tu na kubaki na wekundu wake! Nilipomfikisha mezani alikuwa kipande cha ubao, kisu kinateleza juu yake. Na krimu sikuitia kabisa, kwa sababu nyumbani kwetu maziwa na samaki hawajawahi kukutana sufuria moja, nikaogopa kumuua mama wa watu.

Baadaye nilijifunza. Samaki unamfuta kwa karatasi ya jikoni mpaka akauke, unamtia chumvi na pilipili manga, unamlaza ngozi chini kwenye mafuta ya moto, halafu unaacha kumchokoza. Hapo ndipo pagumu, maana mkono unawasha kugeuza. Ngozi ikishakauka vizuri unamgeuza kidogo tu, unamtoa. Kwenye kikaango kilekile unatia siagi, kitunguu saumu, krimu, maji ya limau, na majani fulani membamba yanayofanana na ya karoti. Mchuzi ukiwa mzito, samaki anarudi humo kuoga. Nilionja kwa woga. Mama Upendo, ni mtamu, na mpaka leo sijafa.

Basi nikapakua vizuri, nikampelekea bibi kwa mikono miwili, nikainama kidogo, nikarudi jikoni kula nikiwa nimesimama. Sahani ikarudi imejaa. Siku iliyofuata vilevile. Nikaanza kuiogopa Jumamosi.

Ijumaa jioni nilipogeuka kuondoka, akaniita.

"Benedikti, kwani mimi nanuka?"

"Hapana, bibi."

"Mbona kila ukiniwekea chakula unakimbia?"

Ikabidi nimweleze. Kwamba kwetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, na kwamba yeye, kwa umri na kwa jinsi anavyonitazama, nimemweka katika nafasi hiyo. Nikamwambia tangu nikuoe mama yako hajawahi kuniona nikitafuna. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

"Hiyo heshima yako itaniua kwa njaa," akasema. "Lete sahani yako, ukae."

Nilikaa. Nilitokwa jasho katika nchi isiyotoa jasho. Nilikula nikitazama kitambaa cha meza, naye akala, taratibu, akichovya viazi kwenye mchuzi. Mwisho ikabaki ngozi. Akaichukua kwa uma, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Hii ilikuwa yake," akasema.

Mumewe alikuwa akimwibia ngozi, na yeye akijifanya kukasirika. Tangu afe, ngozi inabaki pale kwenye sahani na hakuna wa kuiiba. Niliila yote. Kesho yake Ana alitukuta mezani wote wawili, akavuta kiti. Habari za nyumba ya wazee hajazitaja tena.

Sasa nije kwa mama. Wewe unampelekea chakula chumbani kwenye sinia, umekifunika kitambaa cheupe, kwa adabu zote, halafu unarudi kula na watoto sebuleni. Ndivyo tulivyofunzwa, sikulaumu. Na siku ya mbasa unampa kichwa, kwa kuwa sasa yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Lakini Stela, kichwa kilikuwa cha baba. Unakumbuka alivyokuwa akikifyonza? Mimi niliyekaa naye sebuleni nilikuwa naona aibu kwa niaba yake, na mama huko jikoni anafoka, "Baba Stela, majirani watasikia!" Sasa kichwa kilekile tunamwekea mbele yake, kwenye chumba kimya. Nani angekula?

Mtoe chumbani, mke wangu. Keti naye mkekani, watoto wapige kelele zao. Kichwa ukile wewe.

Nisalimie kaka yangu kule Mkumbi na kahawa yake, na shangazi wa Kingerikiti, ambaye najua ameshauliza kama nimenenepa. Mwambie bado.

Mama mpe shikamoo yangu. Ukiona inafaa, mwambie nikija likizo naomba ruhusa yake nile naye mkeka mmoja. Akikataa, na anaweza kukataa, maana yeye si Bibi Elsi, nitakaa nje, upande wa pili wa ukuta, nimempa mgongo. Ila siku hiyo kichwa cha mbasa mnipe mimi, nami nitakifyonza mpaka majirani wasikie.

Mumeo akupendaye,
Baba Upendo