Ondieki, Fundi wa Tao la Abasia

Mwaka mmoja umekwisha, Ondieki, tangu Julai ile ya 1936 ulipotuacha. Bado tunakutengea kiti cha karibu na moto.

Wapitao juu ya Kipkelion wanaiona kazi yako. Uliwajengea watawa wa Mtakatifu Benedikto abasia, makao yao: baraza nne kuzunguka ua, kuta nene za kuzuia baridi, na mnara mfupi wa kengele. Kila jiwe ulilipapasa kwanza kabla ya kulichonga, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Tao la mlango wa kanisa ndilo lililokutesa. La kwanza lilianguka. Abate, mkubwa wa watawa, alitaka kanisa lifunguliwe sikukuu ya Mtakatifu wao, mwezi wa Machi. Mvua ilikuwa imeanza. Ukamtii, ukatoa mbao za kulishikilia, chokaa bado mbichi. Opiyo, kibarua wako kutoka upande wa ziwa, akavunjika mguu. Hukumlaumu abate. Ulimleta Opiyo nyumbani, ukamwogesha mwenyewe miezi mitatu.

Machi iliyofuata, tao la pili likiwa bado juu ya mbao, abate akakuharakisha tena.

"Ondieki, sikukuu ni Ijumaa."

"Padre, chokaa haina kalenda. Mbao sitoi. Kama hutaki, niandikie barua niende kwetu Kisii."

Ulikuwa na watoto wanne na nyumba ilikuwa ya watawa. Bonareri mkeo alianza kufunga vyombo, wala hakukugombeza. Baada ya siku mbili abate akaagiza misa isomewe nje, kwenye nyasi.

Agosti ulizitoa mbao, na vibarua wote wakarudi nyuma. Wewe ukaketi chini ya tao, ukaomba uji. Opiyo akaja akichechemea, akaketi kando yako.

"Sogea, Fundi. Likianguka leo, nani atanibeba?"

"Kunywa uji. Maneno yako ni mazito kuliko mawe haya."

Mlikaa hapo mpaka kibuyu kikaisha. Ndipo wengine wakasogea, mmoja mmoja.

Tao halijapata ufa. Jumapili iliyopita Opiyo alipita chini yake pole pole, amembeba mjukuu wako kwenda kubatizwa. Mtoto ameitwa Ondieki.

Tunaokukumbuka ni mkeo Bonareri, watoto wako Nyang'au, Mokeira, Orina na Mellen, wajukuu wote, na Opiyo, ambaye bomani kwetu haitwi mgeni.

Maisha yetu yote hutatutoka moyoni.