Kitufe cha Nane

Jumatatu, 6 Oktoba

Kaka kanipigia kazini mara tatu, sikupokea. Ya nne nikapokea. Simu ya mteja niliyokuwa nimeifungua ilinishinda, nikataka mtu wa kumkasirikia.

Kichwa cha treni cha baba kimekuwa bubu. Kile cha kijani, cha kuchezea mezani, chenye sauti ya baba mwenyewe ndani. Jumapili saa kumi wenzake wa klabu ya treni ndogo wanakuja kumjulia hali, na kaka anataka waisikie. Mzee mwenyewe hasemi. Tangu kiharusi, miezi saba sasa, kinachomtoka ni "tu... tu..." basi.

"Ndiyo sauti pekee iliyobaki, Tutu," kasema.

Tutu! Nina miaka arobaini na moja. Bado Tutu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeenda kwa kaka. Kumbe mwanzoni treni haikuwa bubu, ilikuwa inakatakata tu — inaunguruma, inazima, inaanza upya. Uchafu wa magurudumu huo. Kitambaa na spiriti, dakika kumi. Lakini kaka ni mjuaji. Kasoma mahali kwamba ukiandika nane kwenye mpangilio namba nane, dekoda, kile kibao cha umeme ndani ya kichwa, inarudi ilivyotoka kiwandani. Ni kweli. Ila hufanywa kwenye kipande cha reli cha pembeni, kichwa kimoja kimoja. Yeye kaifanya kwenye reli kuu, vichwa vyote sita vikiwa juu yake! Sasa vyote vinaitika namba tatu. Ukiita tatu vinatoka vyote kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Viwili vimegongana mbele yangu. Nimecheka mpaka wifi akaja kuchungulia.

Kaka hakucheka. Akabonyeza kitufe cha nane cha rimoti, cha sauti ya baba. Kimya.

"Nimemfuta," akasema. Akakaa sakafuni, mtu mzima na kitambi chake.

Hajamfuta. Kurudisha mipangilio hakugusi sauti, kitufe ndicho kimesahau kazi yake. Sentensi moja ingemwinua pale chini. Nikabeba kile cha kijani, nikamwambia nitaangalia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ujumbe wa kaka: kuna matumaini? Nimejibu: ngumu. Baada ya saa moja, tena. Nimejibu: ngumu sana.

Wifi anasema kaka hali chakula. Pole yake. Mimi utotoni nimelala na njaa mara ngapi kwenye meza ya baba? Baba anashika sahani yangu juu mpaka nimalize kuomba bila kukwama. Mimi: "na-na-na-naomba." Kaka anahesabu zile "na" kwa vidole. Baba: "Subira yavuta heri." Wali unapoa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekipanga kitufe upya hapa karakana, nikabonyeza. Baba huyo, mzima wa afya: "A-a-abiria, tu-tu-tu-tunaondoka!"

Ni mimi huyo anayeigizwa. Miaka kumi na miwili iliyopita aliniletea dekoda, akanipa na faili ya sauti, akasema itie, usiisikilize, ni zawadi. Nikalehemu kwa mikono yangu hii. Nikaisikia mara ya kwanza mbele ya klabu nzima. Walicheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka, ningefanya nini? Kila Jumapili tangu hapo, mgeni akija, nane.

Kompyuta ya baba ilishakufa na faili yake. Dekoda haikuruhusu kunakili sauti iliyomo. Ukiandika nyingine juu yake, ya zamani imekwenda. Ningeweza kuinasa kwa simu, najua. Kaka hakuwahi kuwaza hilo. Mimi nimewaza, na simu nimeiacha mfukoni.

Jumapili, 12 Oktoba

Kaka na wifi wamekwenda kuchukua viti. Wameniacha na mzee chumba cha treni. Kaka kanishukuru nilipomwambia imepona. Amelia begani kwangu. Sikujisikia vibaya, na hilo ndilo limenishangaza.

Nikabonyeza nane. Baba akasikia, akacheka kwa ule upande wa uso unaofanya kazi. Kisha akaniona sicheki. Akaacha.

Nimeunganisha kompyuta. Sauti mpya iko tayari, injini na honi tu. Kioo kinauliza: futa sauti zote zilizomo? Nimemsomea kwa sauti, polepole, sijakwama hata silabi moja. Ameelewa. Kiharusi kilimchukua ulimi, akili kaachiwa. Mkono wake mzima ukanishika kifundo cha mkono.

"Tu..."

"Tu nini, baba? Tutu? Tunaondoka? Maliza. Ukimaliza sentensi, naacha."

Anajaribu. Mishipa ya shingo imemsimama. Nimeweka daftari gotini, naandika huku namsubiri, kidole cha mkono wa pili kiko kwenye kitufe cha ndiyo. Sina haraka. Alinifundisha mwenyewe.

"Tu... tu..."

Saa tisa na dakika arobaini. Anakaribia, kisha inampotea, anaanza upya — kama treni yenye magurudumu machafu. Nimemwambia subira yavuta heri. Machozi yake, sijui ya hasira au ya nini. Zamani hakuna aliyeuliza yangu yalikuwa ya nini.

Gari la kaka linaingia uani. Nasikia viti vinashushwa. Mate yanamchuruzika kidevuni, anaangalia kidole changu.

Bado sijamfuta.