Aya Haikuishia Kwenye Wanne

Mlingotini, Bagamoyo

Mke wangu Mama Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku pwani. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Wewe hujambo? Mama miguu inamruhusu kutembea? Na Zuhura, surua imemtoka kabisa? Nauliza kwa haya, maana habari ya surua uliniandikia zamani nami sikuijibu. Sababu yake ndiyo barua hii.

Nilipokuomba shauri juu ya yule mjane wa hapa Mlingotini niliyetaka kumwoa awe mke wa pili, ulijibu, "Dini imeruhusu, mimi sina neno." Nilifurahi, sikufichi. Nikaitia barua mfukoni, mbio kwa sheikh mjini Bagamoyo. Kumbe sheikh huyu hafungi ndoa ya pili mpaka bwana apite kwanza kwa dada yake, Bi Mwanaidi, anayewasomesha wanawake msahafu na tafsiri yake. Nikacheka moyoni. Mimi, mwalimu wa elimu ya watu wazima, nikasomeshwe na bibi kizee!

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Hebu nifasirie ile aya ya ndoa, kwa maneno yako."

Nikaeleza kwa madaha: wawili, watatu, hata wanne. Nikaishia hapo.

"Ehe?" Alikuwa anapeta mchele. "Aya haikuishia kwenye wanne. Malizia."

Nikamalizia kwa sauti ndogo: ukichelea hutafanya uadilifu, basi mmoja. Nikamuuliza ni uadilifu gani, maana mwalimu wangu wa huko Tabora alifasiri kuwa ni chakula, nguo na zamu za kulala.

"Wapo waliosema hivyo," akanijibu. "Wapo waliosema na moyo umo, na moyo nani auwezaye? Wanavyuoni wamehitilafiana, mimi ni nani wa kuwaamulia? Mimi humsomea mtu yote, kisha yeye na Mola wake."

Mama Zuhura, nimesoma kwa walimu wengi, lakini sijapata kumwona mwenye elimu kubwa namna hii asiyeona tabu kusema hapa sijui. Nilimheshimu pale pale.

Kisha akataka kusikia barua yako. Yeye husoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo nilimsomea mimi. Nikafika kwenye "sina neno", nikaikunja.

"Imeishia hapo?"

Haikuishia hapo. Ikabidi niendelee: paa linavuja chumbani kwetu, umehamia jikoni na mtoto, mtoto ana surua, mtoto anauliza kama baba yake ni yule wa kwenye picha. Bi Mwanaidi akaweka ungo chini.

"Aya umeikata, na barua ya mkeo umeikata. Huko darasani kwako, mwanangu, mnafundishana kusoma nusu?"

Niliona aibu kubwa. Kila jioni nawagombeza watu wazima, wengine wa umri wa baba yangu, wasiache kusoma kabla ya nukta.

Nilikwenda kwa yule mjane nikamweleza yote, na kwamba ndoa haipo tena. Alinitazama, akasema, "Heri umesema kabla ya pilau." Akafunga mlango taratibu. Ana haki ya kunichukia.

Likizo nimeomba na nimepewa. Nakuja kuezeka. Kaka yako fundi baiskeli mwambie asipande juu ya paa na mgongo wake ule, aniachie mimi. Mama mpe shikamoo yangu. Jirani yetu mkunga, aliyekesha na Zuhura, mshukuru sana. Bi Mwanaidi naye anakusalimu, ingawa hamjaonana. Anasema wewe ndiye mwalimu nyumbani kwetu, na mimi sibishi.

Basi nakuuliza upya lililo moyoni mwako, maana sitaki tena kukufasiri nipendavyo. Kama unalo neno, liandike lote, hata likiwa chungu. Safari hii nitasoma mpaka kwenye jina lako.

Ni mimi mumeo,
Baba Zuhura, yule wa kwenye picha