Kiboksi cha Kuwashia Magari Sikirudishi

Baba Zuhura,

Salamu za kukujulia hali nimezitafuta, sikuziona. Kwa hiyo nianze na kilichomleta kaka yako hapa Manundu juzi asubuhi. Alikaa, akanywa chai yangu, akala mihogo yangu, ndipo akasema, "Shemeji, kaka anataka kile kifaa chake." Nikamuuliza, "Na Zuhura je?" Akaangalia viatu vyake. "Kuhusu mtoto hakuniambia kitu."

Umeondoka mtoto anatambaa, sasa anakimbia. Hujauliza hata kama ameota meno. Umeuliza kiboksi.

Haya, tukizungumze hicho kiboksi.

Unakumbuka ulivyokuja nacho kutoka Dar? Tangu biashara iwe huria kila mtu alikuwa anarudi na kitu cha nje, huyu redio, yule godoro. Wewe ukaja na boksi la rangi ya chungwa lenye mpini, na waya mbili zenye meno, nyekundu na nyeusi. Betri ya gari lako ilikuwa imekufa siku nyingi, stendi nzima ya Korogwe inajua. Mwenye akili angenunua betri. Wewe ukanunua kitu cha kuiamsha maiti kila asubuhi, ukakiita busta, ukatembea nacho begani kama daktari. Nilipotaka kukishika ukanifokea, "Weka chini, kitakurusha! Hii kazi ya mafundi."

Fundi gani, bwana wewe? Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, unapiga stata, gari likiwaka unachomoa. Ndiyo siri yote uliyokuwa unanifungia. Mimi nimeishia darasa la saba Kwashemshi, na hapo sikuhitaji hata la pili.

Sitakataa, nilikupenda. Ulikuwa unakuja kwetu mlimani kubeba abiria, unashusha kioo unaniuliza, "Binti wa Kishambaa, leo baridi imekuruhusu kutoka?" Nikacheka wiki nzima. Nilikuwa mdogo, nilidhani mtu anayeshika usukani anajua anakokwenda.

Ukanipeleka Kang'ata kwa mama yako, na Mungu amzidishie yule mama, kwa sababu wewe hukumfuata hata ukucha. Umeme ulikuwa haujafika. Kiboksi kina tundu la kuchajia simu, basi hapo ukapata ufalme. Watu foleni mlangoni, wewe umekaa kwenye kiti umekunja nne: "Leteni, leteni! Umeme wenu ni mimi." Mimba imenielemea, nakuuliza taratibu, "Umebakisha chaji ya kuwashia gari?" Ukanijibu mbele ya wote, "Mwanamke, usinifundishe kazi." Wakacheka. Ulikuwa mtamu sana kwa watu wakicheka.

Uchungu ulinishika alasiri, kesho yake baada ya harusi ya binamu yako. Mama akaniingiza kwenye gari, akanishika mgongo. Ukapiga stata: tik. Ukachomeka kiboksi, ukapiga tena: tik. Kimekauka! Harusi nzima ilikuwa imechaji simu, na muziki ulipigwa humo humo.

Hilo peke yake ningekusamehe. Mtu husahau. Ila kilichofuata ndicho sijakimeza mpaka leo.

Uliita watu wasukume. Wakaja wakulima wametoka shamba, akaja yule mzee wa Kimasai anayelisha ng'ombe upande wa bondeni, wakasukuma gari kwenye mchanga, jasho linawatiririka. Wewe umekaa kwenye usukani unapiga kelele, "Ongezeni! Inakaribia! Hiyo, hiyo!" Mzee akasimama, akapumua, akasema, "Kijana, hata ng'ombe wangu mgonjwa akisukumwa hivi huwa anasimama." Watu wakacheka, wakasukuma tena.

Na ulijua. Baba Zuhura, ulijua! Nilikusikia kwa masikio yangu kule Kwashemshi, abiria walipotaka kukusukuma: "Acheni, hii otomatiki, hata mkiisukuma mpaka Tanga haiwaki." Ulijua, ukawaacha wasukume, mimi nimelala nyuma nauma kanga, mtoto anashuka. Kwa sababu ya nini? Ili usitamke mbele ya watu kwamba chaji umeimaliza wewe. Ulichagua kuficha aibu yako, mimi na mtoto tungojee.

Mama yako ndiye aliyekushusha. "Toka! Unachezea roho za watu." Yule mzee akaleta pikipiki yake, nikakaa katikati, mama akanikumbatia kwa nyuma, hivyo hivyo mpaka Handeni. Zuhura alitoka kimya. Nesi akamfuta, akampulizia, akampiga nyayo, ndipo akalia. Akaniambia, "Mngekawia barabarani, tungeongea mengine." Wewe ulikuja kesho yake umevaa miwani ya jua. Neno lako la kwanza: "Ile betri imenitia aibu sana." Hukuuliza ni mtoto gani.

Ulipouza gari ukaenda zako, kiboksi ulikiacha uvunguni kwa sababu hakuna aliyekitaka. Nikaja nacho huku kwa dada. Asubuhi moja jirani gari lake limegoma na ana mgonjwa, nikasema nijaribu. Waya nilizishika kwa ncha za vidole, nakuambia, nilikuwa bado nakuamini kwamba kitanirusha. Likawaka! Nikabaki nacheka peke yangu kama chizi. Sasa hivi asubuhi za baridi madereva wananiita kutoka barabarani, "Mama Zuhura, njoo utufufue!" Natoka na mtoto mgongoni. Jioni nakichaji kwanza kabla ya kitu kingine, na simu ya mtu haichomekwi humo hata akilia. Zuhura anakula kwa hicho. Mwakani, Mungu akipenda, ataanza chekechea kwa hicho.

Wenzangu hapa wamenishauri nikupe yaishe. Hapana. Mtoto hukumtaka, na hicho hukukitaka. Nilivyoviokota ni vyangu.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia kaka yako. Akanyanyuka amenuna, akaingia kwenye pikapu aliyoazima. Kumbe alikuja na ukungu, taa hakuzizima, muda wote tunabishana zinawaka. Akapiga stata: tik. Akapiga tena. Akabaki ameshika usukani, anaona haya kunitazama. Angalau yeye hakumwita mtu asukume. Alifungua mlango, akashuka, akasema, "Shemeji, naomba."

Nikambeba Zuhura, nikachukua kiboksi, nikaenda kumwashia gari arudi kwako akupe jibu.

Ni mimi, mama wa mtoto ambaye hukumuulizia,
Mama Zuhura
Manundu, Korogwe