Ule Mshipa wa Kushoto wa Bi Hamaguchi

Jumatatu, 5 Juni 2023

Bi Hamaguchi, muuza tofu, miaka sabini na minane. Saratani upande wa kushoto wa utumbo mpana. Upasuaji Alhamisi. Profesa Kuramochi anataka kuukata mshipa mkuu wa damu wa utumbo huo shinani kabisa, kama alivyofundishwa na mwalimu wake, marehemu. Mimi naona akate chini kidogo, tawi la kushoto libaki. Mishipa ya bibi huyu imeanza kuziba kwa uzee! Utumbo ukikosa damu, mshono utaachia. Atakufa mtu.

Nimezunguka ofisi tano kuomba wenzangu waniunge mkono kabla ya kikao cha kesho, desturi yetu. Vikombe vitano vya chai. Wote wamekubali. Tsukuda, mkubwa wangu kazini, kanipiga bega: dogo, una akili, niko nyuma yako.

Jumanne, 6 Juni

Kikaoni nikasema. Profesa akauliza nani mwingine anaona hivyo.

Tsukuda anakagua viatu vyake. Mwingine kagundua doa kwenye tai.

“Basi Nishiwaki yuko peke yake,” Profesa akasema. “Ndiyo, Profesa” — kwa pamoja, kwaya nzima. Tsukuda sauti ya kwanza.

Alhamisi, 8 Juni

Daktari mdogo kuliko wote ndiye hushika kamera ya tumboni. Bila kamera hakuna anayeona kitu. Profesa akapeleka klipu, kile kibanio cha mshipa, shinani. Mimi kamera nikaigandisha kwenye lile tawi.

“Kamera!”

Mkono haukusogea. Sijui nilikuwa na kichaa gani.

“Kamera, Nishiwaki! Umelala?”

“Profesa... huku mshipa unadunda vizuri sana.”

Jasho. Mashine inalia pi, pi. Niliogopa, naapa. Kisha klipu ikashuka, ikabana chini ya tawi. “Kama nilivyokusudia tangu mwanzo,” akasema. Ndiyo, Profesa! Tukatia ile rangi ya kuonyesha damu — utumbo ukawaka kijani mpaka ncha. Nilitaka kulia.

Mchana Tsukuda anawasimulia wauguzi jinsi “sisi” tulivyolifikiria.

Ijumaa, 9 Juni

Bibi kajamba! Utumbo unafanya kazi. Watu watatu wamempongeza Profesa.

Jumatatu, 12 Juni

Homa. Thelathini na nane nukta nne. Tumbo linamuuma. Huenda mshono umeachia, huenda ni kitu kingine. Picha ya ile mashine kubwa ndiyo itasema.

Profesa kaja na msafara wake wa madaktari kumi na wanne. Kasoma chati. “Nani alisema tuubakize ule mshipa?”

Wenzangu wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa mpigo, utadhani wamefanya mazoezi. Nikabaki mbele kama nguzo. Nikanyoosha mkono.

“Mimi, Profesa.”

Bi Hamaguchi, midomo imemkauka, akanitazama kutoka kitandani. “Daktari, shusha huo mkono unishike. Naogopa hiyo mashine.”

Nimemshika mpaka mlango wa chumba cha picha. Wamemwingiza. Sasa dakika kumi na tano, mlango haujafunguliwa. Tsukuda kapita hapa, kaniona, kakumbuka ana kazi ghorofa nyingine. Benchi ni la watu sita. Nimekaa peke yangu.