Sanduku la Fundi Tadeo

Ubaruku,
28 Novemba, 1976

Kwa kaka yangu Muhidini,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Mwantumu na watoto, na kwamba baridi ya Iringa imeanza kuwaonea huruma. Sisi huku Usangu tuko hai, alhamdulillahi. Shemeji yako Isihaka yupo, kinu chake cha mpunga kinanguruma kutwa, na joto ni lile lile, hata kuku wanashinda mdomo wazi. Mama ndiye hali yake si nzuri, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu.

Lakini kwanza niseme la moyoni nisije nikapasuka. Barua yako nimeipata Jumanne, nimeisoma nimesimama, na tangu siku hiyo sina raha. Unaniandikia kwa furaha kwamba umemtangaza fundi Tadeo Kalinga mtaa mzima wa Ipogolo kuwa ni mwizi. Kwamba yule mwenye hoteli amemnyang'anya kazi ya friji zake, kwamba sasa anabeba magunia stendi, na kwamba ulipopishana naye ulitema mate chini. Ebo! Nani alikutuma? Mimi nilikuletea malalamiko ya dada kwa kaka yake, sikukuletea mbiu ya kupiga mitaani. Tena unacheka kwamba fundi gani huyo asiye na hata bisibisi. Atakuwa nayo wapi, na sanduku lake la vifaa liko chini ya kitanda changu?

Sasa tulia usome, usirukeruke kama kawaida yako.

Unakumbuka tulivyomleta Mama huku. Baridi ya Iringa ilikuwa inamla magoti, ukasema aje kwangu akaote jua. Jua akaliota kweli, mpaka likamwangusha. Daktari akasema ana presha, asikae kwenye joto. Isihaka, kwa huruma yake, akanunua ile mashine ya kupoza hewa kwa mhandisi wa barabara aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Tukatoboa ukuta wa chumba cha Mama, mashine ikakaa nusu ndani nusu nje, umeme tukavuta kinuni. Wewe ukamtuma Tadeo aje kuifunga, na kwa hilo sikulaumu, maana aliifunga vizuri. Mama akalala usingizi siku ile mchana kutwa, akaamka anaomba uji.

Baada ya wiki mbili ikaanza vituko. Ikawa inanguruma tu na kutema hewa ya vuguvugu. Nikampigia simu ya posta, akaja. Akashuka barabara kuu, akadandia lori la mpunga, akafika kapauka vumbi. Akatoa chujio, akakung'uta pumba, akazunguka nje, akashughulika kidogo, mashine ikapoa. Akaondoka, siku ya tatu ikarudia yale yale. Nikamwita tena, akaja tena, ikapoa tena, akaondoka tena, ikaharibika tena! Wewe ungefikiri nini? Nikasema huyu ni mjanja, anaacha ugonjwa ndani ili arudi kula nauli na wali wangu. Jirani yangu Mbuke naye akanijaza, eti mafundi wa mjini hutoa moyo mzima wa mashine wakatia mkuukuu.

Siku Mama alipozirai kwa joto mlangoni pa chumba, nikasema basi. Tadeo nikamwita kwa mara ya tatu, na safari hii nikamwita na balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Masunga. Nikamshitaki pale pale uani, wenye mpunga wao wakiacha foleni ya kinu kuja kutazama. Nikasema ameiba kompresa nzuri, ule moyo wa mashine, akatuwekea mbovu. Mzee Masunga akaamua sanduku libaki hapa mpaka airudishe. Tadeo hakugombana. Aliomba apewe koleo moja tu limsaidie njiani kutafuta riziki, nami nikakataa. Akaondoka kwa miguu kuelekea barabara kuu, saa saba za mchana, Novemba hii.

Na Mama, kaka, tangu siku hiyo amenigomea. Hataki mashine iwashwe. Nikiiwasha, anainuka na fimbo yake anaizima. Anashinda sakafuni na kanga iliyolowa kichwani, miguu imemvimba, nikimpa chakula anakula tonge mbili anasukuma sahani. Isihaka ananiuliza Mama ana nini, namwambia ni uzee. Nimesema uongo mpaka ulimi umezoea.

Haya basi. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimefika mwisho wake.

Kaka, mashine ile niliifunika mimi. Wewe unajua mkono wangu wa kufuma. Redio nimeifunika, viti nimevifunika, hata mtungi una kitambaa chake. Sasa kitu cha thamani vile kikae nje, kila aletaye mpunga akikodolee macho, na pumba zikitua juu yake? Nikashona gunia, juu yake nikavalisha kitambaa cheupe, nikatarizi kwa uzi mwekundu Hasidi Hana Sababu. Nikaivika mgongo wote na kukaza kamba. Kilipendeza.

Tadeo alipokuja mara ya kwanza alikivua, akakikunja vizuri, akanikabidhi. Akaniambia kwa adabu kwamba mashine hii hutolea joto lake mgongoni, ukiiziba unaifunga pumzi. Nikaona ananidharau, fundi mwenye makucha meusi kunifundisha nyumba yangu. Alipoondoka nikairudishia. Mara ya pili akaniambia tena, safari hii mbele ya Mama. Nikairudishia tena! Na ile siku ya balozi, niliposikia lori alilodandia linafika, nilikimbia nikakivua mwenyewe, nikakificha katika sanduku langu la nguo. Tadeo akagusa mgongo wa mashine, akaona unaunguza, akamwomba mzee Masunga aniulize kama ilikuwa imefunikwa. Nikaapa. Wallahi nikaapa, kaka, mbele ya watu wote wale, kwamba haijapata kufunikwa hata siku moja. Na Mama alikuwa dirishani, ananitazama.

Walipotawanyika, mashine ikaanza kupoza yenyewe. Chumba kikawa baridi shwari. Mama akaniambia nizime, kwa sababu ubaridi ule ni wa dhuluma.

Nimekasirika na wewe, nimekasirika na Mbuke, na kila nikimaliza kuwakasirikia nyote nabaki mimi peke yangu na lile sanduku. Jana nimekwenda kwa mzee Masunga nikamwambia ukweli. Amenitukana, na ana haki. Isihaka naye nimemwambia, akainuka akarudi kinuni kwake.

Sanduku analileta dereva Jailos pamoja na barua hii. Nimelifunga kwa kile kitambaa changu, maandishi yakiwa nje, ili kila mtu wa stendi aulize. Mkabidhi Tadeo kwa mikono yako miwili, hapo hapo ulipomtangaza, kisha uwasomee watu barua hii bila kuruka mstari. Usinisitiri. Halafu nenda kwa mwenye hoteli.

Wifi na watoto wape salamu zangu. Mama naye anakusalimu, na ameniagiza niandike hivi: mashine ataiwasha Tadeo kwa mkono wake, kama atakubali kuja, na bila hivyo haitawashwa. Jua la huku halipungui, kaka. Mbembeleze.

Ni mimi dada yako,
Mwanakhamisi