Pini Apande Kidoleni

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kaniletea kasuku! Si wale wakubwa wa kijivu. Huyu ni kadogo, kijani, angeenea kiganjani kama angekubali kushikwa. Watoto wa wifi wamemminyaminya mpaka kawa mwoga. Mtu akipita tu, anajigonga kwenye nyaya za tundu. Wifi alikuwa anampeleka dukani wambadilishie, apate mwingine mwenye adabu. Nikasema niachie mimi.

Tumekubaliana. Atarudi Jumapili ya tarehe 30, saa nne asubuhi. Akimkuta kidoleni kwangu, ni wangu. Asipomkuta — dukani. Akacheka, eti mimi sijui kutulia hata nikiwa na homa.

Ataona. Nimeshonea mabibi harusi waliobadili mawazo mara saba. Ndege ndiye atanishinda?

Nimemwita Pini. Mdogo, mkali, na ukimshika vibaya utajuta.

Alhamisi, 6 Machi

Tundu liko kwenye meza ya dirishani, hatua tatu kutoka kwenye cherehani. Nilidhani kelele ndiyo itamtisha. Wapi! Cherehani ikikimbia, yeye anapiga miluzi, anashindana nayo. Ila nikisimama kumwendea — balaa. Maji yanamwagika, maganda ya ulezi yanaruka mpaka kwenye satini ya mteja.

Basi ni mkono wangu. Leo nimeuweka ubavuni mwa tundu robo saa, sijausogeza. Kajibana kona ya mwisho, anahema. Kesho tena. Pole pole ndio mwendo.

Jumanne, 11 Machi

Nimenawa kwa sabuni isiyonukia. Nimevua pete. Nimevaa glavu — ndizo zimeharibu kabisa.

Jirani yangu fundi viatu kachungulia dirishani, akasema ndege ana akili huyo, kamjua mwenye nyumba mapema. Nikamfungia pazia.

Moyo umelegea. Kidogo tu.

Ijumaa, 14 Machi

Jamani, jamani!

Mwalimu mkuu alikuja kuongezewa sketi kiunoni. (Hajanenepa, anasema. Kitambaa ndicho kimenywea.) Nikamwachia futi ya kupimia aishikilie mwenyewe kiunoni, nikaenda kuchukua chaki pale mezani kwa Pini. Pini kimya! Kanitazama kwa jicho moja, akaendelea kula. Nikarudi, nikapima, nikaitundika futi shingoni kama kawaida, nikarudisha chaki — akalipuka, mbawa huku na kule.

Mwalimu mkuu akaniuliza kama mimi mwenyewe ningekaa, nikimwona mtu ananijia na nyoka wa njano anayening'inia shingoni.

Futi! Miaka ishirini na mbili iko shingoni, siisikii tena. Nimewahi kwenda nayo mazishini. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye fundi nguo! Mkono wangu nimeuosha bure siku zote hizo.

Futi imeingia drooni.

Jumatano, 19 Machi

Kala ulezi vidoleni mwangu! Kupitia nyaya, lakini kala. Jana alinyoosha shingo akarudi. Leo kadonoa mara sita, nimehesabu. Nilitaka kupiga kigelegele, nikajiziba mdomo.

Kazi inakwenda taratibu kidogo. Kila mara mkono unapanda shingoni kutafuta futi, haipo. Wateja wanacheka. Wacheke.

Jumamosi, 22 Machi

Sitaki kuandika, naandika.

Bibi harusi alikuja asubuhi kapungua, gauni linamvuka, na harusi ni leo saa nane. Nikatoa futi, nikapima, nikapunguza ubavu kwa ubavu, akaondoka anang'aa. Nami nikajaa furaha, nikaenda moja kwa moja kumpa Pini habari. Nikafungua tundu, nikaingiza mkono. Ncha ya futi, niliyoisahau shingoni, ikatangulia.

Kajigonga mpaka unyoya wa mkia umeng'oka. Tone la damu kwenye kijiti chake. Nimelia. Mtu mzima, mwenye binti aliyeolewa, nimelia juu ya tundu.

Tena niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunisikia. Simtaki ili nimshinde wifi. Tangu binti yangu aende kwake, humu ndani inasema cherehani peke yake. Nikizima, kimya. Pini akija kuondoka sijui nitafanyaje.

Zimebaki siku nane.

Jumatano, 26 Machi

Futi sasa iko kwenye msumari jikoni. Kila kipimo ni safari: jikoni, rudi, jikoni. Fundi viatu anauliza kama ninapika nguo.

Nilianza upya. Jumapili mkono mbali. Jumatatu karibu. Leo kala tena vidoleni, mlango ukiwa wazi! Hana kinyongo huyu. Wifi hana hata nusu ya roho hiyo. Nitashinda mimi, nasema.

Jumamosi, 29 Machi

Mguu mmoja! Wa kushoto. Kauweka kidoleni, akapima, akautoa. Mara tatu.

Wifi kapiga simu. Keshaongea na mtu wa dukani, wamemwekea mwenzake wa bluu. Nikamwambia njoo tu wifi yangu, njoo na macho yako. Sauti haikutetemeka.

Jumapili, 30 Machi

Saa nne kasoro dakika kumi. Mkono wa kushoto uko ndani ya tundu, wa kulia unaandika. Kukitazama kidole kunamtia wasiwasi, kwa hiyo natazama daftari.

Mguu mmoja.

Bado mmoja.

Amepanda! Yote miwili! Mwepesi kama kipande cha kitambaa. Ana joto, sikujua kama ana joto hivi.

Mlango. Hodi! Wifi huyo, hata dakika hazijatimia. Hodi tena. Mimi ambaye huitikia hodi hata nikiwa bafuni — sitoi sauti. Nikisema karibu, ataruka. Nisiposema, ataondoka akatangaze kwamba nimejificha.

Anagonga kwa ufunguo. Fundi viatu anamwambia nipo, asukume tu, mlango haujafungwa.

Kitasa kinageuka. Pini ameshtuka — hajaruka! Amening'ang'ania.